Mama, Zile Karoti Zilioshwa

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipotuacha, na koti lako la maabara bado linaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Hatujathubutu kulifua. Mimi kifungua mimba wako ndiye niliyekabidhiwa kalamu. Baba akiishika machozi yanamtangulia, na mdogo wangu, unamjua, anaandika kama anayejaza fomu ya benki.

Mtaa ulikuita Mama Samadi, nawe ukaitika bila kinyongo. Miaka sita ulipindua malundo ya samadi nyuma ya kituo cha utafiti, ukichomeka kile kipimajoto kirefu katikati ya lundo na kuandika joto lake daftarini. Ulitaka kujua jambo moja tu: samadi ilale lundoni siku ngapi ndipo mkulima asiyemudu mbolea ya dukani aitie shambani, na mtoto ale karoti mbichi ya shamba hilo bila kuugua. Mtu akisema chakula kisicho na kemikali hakihitaji kupimwa, ulikuwa unawaka. "Hata kinyesi hakina kemikali. Utakila?" Wageni mezani waliweka vijiko chini.

Sokoni ulikuwa unauliza samadi ililala siku ngapi, nao wauzaji wakikuona tu wanaanza kujitetea kabla hujafungua mdomo. Lakini hukumwaibisha mtu. Mzigo wa mama muuza karoti wa kibanda cha kona ulipoupima ukaukuta na walakini, uliununua wote ukaufukia, kisha ukashinda siku tatu shambani kwa mumewe ukimfundisha kutengeneza lundo. Hajakusahau.

Nyumbani ulikuwa askari. Karoti zioshwe mara tatu kwa maji yanayotiririka, na anayezitafuna kabla ya hapo atakiona. Baba alizoea hivyo kwa miaka thelathini, hata akawa mkali kuliko wewe.

Na hapo ndipo penye neno ambalo hatukukwambia.

Ugonjwa ulipokulaza, msimu wa sita, wa mwisho, ulikuwa bado haujavunwa. Bila msimu huo ripoti yako isingepokelewa. Ulimtuma Baba kituoni, kwenye kitalu chako cha karoti za majaribio, na mifuko yenye namba, ukamwelekeza mstari kwa mstari. Alivuna taratibu kama anayeokota mayai. Kisha akaona aibu kuwapelekea wenzako karoti zenye matope, akaziosha. Mara tatu.

Fundi wa maabara, yule uliyempenda kama mdogo wako wa tumbo moja, alifungua mfuko wa kwanza, akakaa chini. "Shemeji, vijidudu tunavitafuta kwenye huo udongo. Hapa sina cha kupima."

Jioni ulimuuliza Baba kitandani, "Umezipeleka?"

"Nimezipeleka."

"Na udongo wake?"

"Na udongo wake, mke wangu."

Ulitabasamu ukamshika mkono. Siku ya tatu yake ukaondoka.

Sote tulijua, Mama, na sote tulinyamaza. Uongo ule tumeubeba mwaka mzima. Tulijaribu kumfariji Baba, tukamwambia angalau ulikwenda na amani. Alitikisa kichwa. "Amekufa akiniamini," alisema. "Hicho ndicho kinachoniuma."

Basi akaenda kituoni kuomba kitalu chako kwa msimu mmoja. Yeye, karani mstaafu asiyejua jembe linashikwa upande gani, alipindua lundo kwa mikono yake mwenyewe, daftari lako likiwa limefunguliwa juu ya ndoo. Viganja vilimtoka malengelenge. Siku ya kwanza aliporudi, dada yako alimfungulia mlango, akasikia ile harufu uliyokuwa ukirudi nayo, akaangua kilio pale pale mlangoni.

Miezi mitatu iliyopita Baba alivuna. Safari hii alizipeleka na udongo wake wote, akaketi kwenye benchi la korido na kila siku akarudi kuketi hapo hadi majibu yalipotoka. Ulikuwa sahihi, Mama. Karoti za samadi iliyolala siku ulizosema hazikukutwa na kijidudu cha hatari hata kimoja. Ripoti yako imepokelewa.

Kwenye fomu ya sampuli inayoambatanishwa na ripoti kuna nafasi ya maelezo ya aliyekusanya sampuli. Fundi alimwambia, "Shemeji, hapo paache wazi tu, hakuna atakayeuliza." Baba alikataa. Alisema wewe hukuwahi kuficha matokeo mabaya. Akaandika, kwa mwandiko wake wa ofisini: "Sampuli za awali za msimu wa sita niliziosha mimi, mume wa mtafiti. Yeye hakujua. Nilimdanganya akiwa mgonjwa, na sikupata muda wa kumwomba radhi."

Wenzako hawakufuta hata neno. Maelezo yake yamechapishwa hivyo hivyo, ukurasa wa mwisho wa kazi yako.

Unakumbukwa na mumeo. Na sisi wanao wawili. Na dada yako, ambaye bado anakuandalia kiti mezani kwa kujisahau. Na wajukuu zako. Na wenzako wote wa maabara. Na mama muuza karoti wa kibanda cha kona.

Sasa umeshajua yote, Mama. Tusamehe. Hutatutoka moyoni kamwe.