Shimo la Mirihi

Noonkopir, Kitengela
9 Novemba

Kaka yangu Nashon,

Natumai u mzima huko Doha. Sisi tuko salama, vumbi na shida ya maji ni zile zile, na bado nafundisha sayansi. Ujumbe wako umenifikia baada ya miaka mitatu ya kimya. Ati utakuja Krismasi umwone Mama. Lo! Kumbe unakumbuka uko na mama?

Masikio yake yamezeeka, simu hasikii, kwa hivyo kila neno linapitia kwangu. Kila siku aliniuliza unafanya kazi wapi na pakoje. Mimi ndiye nampikia na kumwosha, lakini jina mdomoni ni lako! Siku moja nikachoka. Nikamletea kutoka shuleni picha ya shimo kubwa kwenye sayari ya Mirihi, lililochimbwa na jiwe kutoka angani, nikamwambia ni hapo.

Aliibandika ukutani. Aliujua ukingo wote ulioinuka, mawe yaliyorushwa nje yakatapakaa mbali, vilima vya mchanga kule chini. Alisema lazima unalala upande wa kivuli. Alipouliza maji unachota wapi, nikamwonyesha mfereji uliokauka ubavuni. Akaanza kubakisha nusu ya chai yake, ati ni yako.

Sasa sikia. Mwezi wa nne Simel wa Kajiado, aliyetaka kunioa, aliniambia amechoka kungoja nimalize kumlea Mama. Jioni hiyo hiyo Mama akauliza mbona hapo hakuna mti wala mtu. Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna hata hewa, na anayefika huko hufa. Alilia siku tatu. Neno moja langu lingemnyamazisha, na sikulisema.

Tulimpeleka Mama nyumbani Ugenya akulilie huko. Kwa kuwa mwili haukuwepo, wazee walizika tunda la yago, lile refu la mwegea, mahali pako, kama wanavyomfanyia aliyefia mbali. Nilisoma wasifu wako na kutupa udongo. Ulikuwa kimya, nani angebisha?

Mila unaijua: aliyezikwa harudi kwa hilo boma. Mama sasa analala vizuri. Na juzi, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, ameniuliza mimi kama nimekula. Kwa hivyo usije, Nashon.

Wasalimie unaoishi nao. Salamu za Mama sina za kukupa.

Dada yako,
Apondi