Jinsi Nilivyokipata Kiti cha Bi Rukia

Amu, Jumanne

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mguu umepoa na mvua imeshika huko nyumbani Makueni. Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Barua hii nampa mwalimu mmoja wa kwetu anayerudi likizo, maana mambo haya siwezi kuyasema kwa simu. Isome peke yako. Siku ile uliponiuliza nilivyopandishwa kazi, nilikwambia mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa na shida.

Unamkumbuka Bi Rukia, yule mama wa hapa kisiwani Amu niliyekuwa nikikusimulia? Nilipofika sina mtu, ndiye aliyenilaza chumba kimoja na bintiye mwezi mzima, akaniombea kazi katika duka la uchapishaji la Bwana Athmani. Yeye alikuwa mchoraji wa duka kwa miaka mingi: kadi za harusi, vibao vya nyumba za wageni kule Shela, karatasi za pakiti za halua. Mimi nilikuwa wa kutoa nakala.

Mwaka huu Bwana Athmani alileta kompyuta yenye programu ya akili bandia inayochora picha. Programu ni moja, lakini unaweza kuitumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni nafasi tupu tu: unaandika unachotaka, kama unayemtumia mtu ujumbe, na picha inakuja. Ya pili ni skrini iliyojaa visanduku, na wewe ndiye unayeviunganisha kimoja kimoja kwa mistari, kila kimoja na kazi yake. Bi Rukia aliipenda ile ya kuandika. Mama, alikuwa anaandika maneno machache ya kuelezea sura ya bibi harusi, na inatoka picha ambayo wateja wanaita wenzao waje waione. Mimi nikiandika, yanatoka mambo ya kawaida. Basi nikajifunza ile ya visanduku, kwa kuwa kompyuta nilizizoea chuoni.

Siku moja Bwana Athmani akatuita wote wawili. "Sitaki kazi ya njia mbili," akasema. "Tushike moja, na mchoraji atabaki mmoja. Mwende, wewe umesoma. Ipi?"

Jibu nililijua. Kwa kazi zetu, ile ya kuandika ilitosha na kusaza. Bi Rukia alikuwa kando yangu, ananitazama bila wasiwasi wowote.

"Ya visanduku," nikasema. "Ile nyingine ni ya watoto kuchezea."

Bwana Athmani akasema basi iwe hiyo. Baada ya Alasiri Bi Rukia akavuta kiti karibu nami. "Nifunde, mwanangu. Mato yangu hayaoni vyema vitu vidogo hivi, lakini nifunde."

Nikamfundisha. Nilikwenda mbio, na kila alipouliza nilishusha pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyechoshwa. Na kuna kisanduku kimoja, karibu na mwisho, kinachogeuza hesabu za mashine kuwa picha. Hicho sikumwonyesha kinavyowekwa. Sikusahau, Mama. Niliamua.

Alhamisi akaja mwuza halua kutaka picha ya pakiti. Bwana Athmani akamwambia Bi Rukia aifanye pale pale, mteja anaona. Akaunganisha kila nilichomfundisha, kwa mpangilio. Picha ikatoka nyeusi tii. Akarudia. Nyeusi.

"Bi Rukia," Bwana Athmani akasema, "mtu ametaka halua, wewe wamwuzia makaa?"

Mwuza halua akacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaketi, nikaitoa picha upesi, Bi Rukia amesimama nyuma yangu ameshika mkoba wake. Jioni aliambiwa asirudi.

Nilikaa wiki tatu. Juzi ndipo nikaenda kwake. Nilimkuta anadarizi kofia, kitambaa amekisogeza karibu kabisa na uso. Hakunikaribisha kuketi.

"Kuna kitu nilikuficha," nikaanza.

"Nayua. Binti yangu alikitafuta kwenye simu, akanionyesha kesho yake."

"Mbona basi hukurudi kumwambia Bwana Athmani?"

"Nalirudi." Akakata uzi kwa meno. "Akaniambia yuwayua. Alikuwa mlangoni siku ile ukinifunda, akaona ulichokiruka. Akasema mtu wa moyo kama wako ndiye anayemfaa dukani. Mimi eti ni mpole mno."

Nilipiga magoti, Mama. Nikamwomba anisamehe.

"Inuka, waniziba mwangaza," akasema. "Msamaha sina. Na usirudi hapa, binti yangu hapendi kukuona."

Jana asubuhi nilikwenda kazini kama kawaida. Bwana Athmani alinisalimu kwa bashasha, akaniita hodari, akaniagizia chai. Niliinywa. Kisha nikawasha kompyuta nikaendelea na kadi za watu. Sijaacha kazi, na sitaki nikudanganye kwamba nitaacha.

Nisalimie Baba, na Susu, bibi aliyenilea, na dada Mutheu wa cherehani, ila barua usimwonyeshe mtu. Mwalimu aliniambia amesikia kutoka nyumbani kwamba Jumapili ulisimama kanisani ukatoa shukrani kwa ajili ya cheo changu, na watu wakapiga makofi. Wakikuuliza tena, sema Mwende ana kazi, kisha uketi.

Ni mimi mwanao,
Mwende