Saa Mbili ya Mbinya

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Musembi Ndululu. Umri: miaka 53. Kazi: fundi wa kompyuta. Makao: Kabati, Kitui.

Mimi ndiye niliyefunga kompyuta za duka la pembejeo la dada yangu, Mbinya. Ile ya ofisini tunaiita mama. Kupitia waya inazipa saa ile ya kaunta na ile ya mlango wa stoo. Mlango hufunguliwa kwa kadi, na kompyuta huandika nani amefungua, saa ngapi.

Mnamo Jumatano Mbinya alinipigia simu akilia. Mwanawe Gedion, aliye tawi la mji wa Wote, alikuja akakagua rekodi akaona kadi ya Yakub, mtunza stoo, ilifungua mlango Jumanne saa nane na dakika arobaini usiku. Pampu mbili hazikuwepo. Gedion akaripoti, Yakub akawekwa ndani. Yakub alisema alifungua asubuhi, akapakia pampu kwa gari la mteja wa Tseikuru. Gedion akamwambia kompyuta haidanganyi. Maneno hayo aliyapata kwangu.

Leo asubuhi nilienda dukani. Simu yangu ilionyesha 9:05. Mama, 3:05. Kaunta, 3:05. Mlango, 3:05. Zilipatana hata sekunde, kama kwaya safi inayoimba wimbo usiofaa. Afande, nilijivunia kidogo kabla ya kuona aibu.

"Dada, nani ameguza saa?"

"Ni mimi. Jumatatu stima ilipotea, kurudi saa ikawa ya ajabu, na intaneti hakuna. Nikaweka ya ukweli."

"Uliweka ngapi?"

"Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nikaweka mbili."

"Kwa kompyuta hiyo ni saa nane usiku!"

"Nane ya nani? Mbili ni mbili, saa ilĩ ni saa ilĩ, Musembi. Hata kuku wanajua."

Kisha akakaa juu ya gunia la mbolea. "Kumbe Yakub nimemfunga mimi." Yakub humwita mama, na kila Idd sisi hula pilau kwake.

Nilimpigia mteja wa Tseikuru. Amesema pampu zinamwagilia nyanya tangu juzi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Saa sijazirekebisha, ili afande azione kwanza.

Sahihi: M. Ndululu

Maandishi ya afisa: Nimemsomea, akakubali. Tumemaliza saa tano. Shahidi ameomba niongeze "asubuhi", nimeongeza. Gedion ameondoa malalamiko kwa simu. Yakub ameachiliwa. Mbinya yuko hapa kaunta ya kituo na chapati, analia, na Yakub anamuuliza kama hiki ni chakula cha mchana ama daku.

Koplo Mulei