Nimewaambia Wateja Tunafunga, na Sasa Shangazi Ananipa Pole

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo, na pole kwa kubeba mizigo ya watu usiowajua. Leo nakuongezea wangu, naomba unisaidie na uvumilie usicheke mpaka ufike mwisho, ingawa mke wangu anasema hutaweza.

Mimi ni mwanamume mwenye akili zangu, au nilidhani hivyo, nafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayohifadhi tovuti za watu, yaani mwenye duka au gereji akitaka aonekane kwenye intaneti, picha zake na barua pepe zake zinakaa kwenye kompyuta zetu, nasi tunampa ukurasa wake wa kuendeshea mambo yake, anaingia kwa neno la siri, anabadilisha bei, anaongeza picha, anasoma maombi ya wateja wake. Ukurasa huo tunauita paneli. Sasa paneli tuliyo nayo imezeeka, na Jumamosi hii inakuja nyingine, na kazi ya kuwaandaa wateja nilipewa mimi, kwa sababu moja tu, kwamba kazini na nyumbani jina langu ni Kamusi.

Jina hilo nilidhani nimepewa kwa heshima. Mama, mimi ndiye yule mtu anayepokea kadi ya harusi akaitafutia makosa kabla hajaangalia ni nani anayeoa. Mtu akiniambia amepanda kwenye gari namuuliza amepanda juu ya paa au ameingia ndani. Binamu zangu wakiniona naingia wanaanza kuzungumza kwa ishara za mikono, na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nacheka nao.

Basi meneja alinipa rasimu yake ya tangazo, ameandika "Jumamosi tunaweka paneli mpya". Nikaguna kwa sauti ili nisikike. Nikamwambia mbele ya ofisi nzima, bosi, kuweka ni kuweka sahani mezani, mtambo hauwekwi, mtambo unafungwa, fundi anafunga feni, anafunga taa, anafunga injini, hivyo ndivyo wanavyosema wanaojua lugha. Meneja akanyoosha mikono juu, akasema haya bwana, wewe ndiye Kamusi. Nikafuta "tunaweka", nikaandika "tunafunga", nikalituma kwa wateja wote kwa mkupuo mmoja, nikaenda kunywa chai kichwa kimevimba.

Kitu ambacho Kamusi hakukifikiria ni kwamba watu wanasoma barua pepe kwenye simu, na simu inaonyesha maneno machache ya mwanzo tu, mengine inayakata. Kwa hiyo wateja wetu waliona hivi: "Mpendwa mteja, Jumamosi tunafunga". Basi. Wala haikuwa na nukta ya kuwatia moyo.

Sikuimaliza ile chai. Daktari wa meno alipiga simu anataka vitu vyake vyote saa hiyo hiyo, akaniambia angalau tungekuwa waungwana tukasema mapema. Mwenye gereji, ambaye nadhani ni yeye peke yake aliyesoma mpaka mwisho, aliuliza kama fundi wa hiyo paneli ya sola atakuja na ngazi yake au atatumia ya pale gereji, maana bati lake ni la zamani na halitaki kukanyagwa ovyo. Nikaandika tangazo la pili huku jasho linanitoka, nikasema: "Ondoeni hofu, hatufungi, tunafunga paneli tu." Nilisoma tena na tena nikaona limekaa vizuri kabisa. Wale waliokuwa na hofu kidogo wakachanganyikiwa kabisa, kwa sababu paneli ndiyo hiyo wanayotumia.

Meneja hakunifokea, na ningeona afadhali angefoka. Alivuta kiti, akaandika tangazo la tatu yeye mwenyewe, kwa lile neno lake la sahani, akaeleza kwamba kila mteja aingie kwenye paneli ya zamani kabla ya Jumamosi, abadilishe neno la siri na ahakikishe namba yake ya simu iliyomo ni ile anayoitumia, kwa sababu paneli mpya itatuma tarakimu za kuingilia kwenye namba hiyo, na asiyezipata hataingia. Watu wakatulia, wengi wameshafanya, hata mwenye gereji amefanya. Aliyebaki ni Shangazi.

Shangazi ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea, ana ukumbi wa sherehe na tovuti yake iko kwetu, wanaotaka ukumbi wanaomba tarehe kwa barua pepe anayoisoma kwenye paneli. Lile tangazo la kwanza alilipata. Akanipigia, na haya ndiyo mazungumzo yetu, Mama, sijapunguza kitu.

"Kamusi, mwanangu, ni kweli mnafunga?"

"Ndiyo Shangazi, Jumamosi. Tumejiandaa muda mrefu."

"Na wewe je?"

"Mimi ndiye wamenipa kazi ya kuwatangazia watu."

Halafu akaniuliza, "Umekula?"

"Bado, Shangazi."

"Njoo ule."

Nikaenda, tena mbio, maana chakula cha Shangazi hakikataliwi. Nikakuta binamu zangu wamekaa kimya, vichwa chini, wamenipisha kwenye kile kiti kizuri, na hakuna aliyezungumza kwa ishara. Shangazi akanipakulia, akaniwekea mkono begani, akasema, "Kazi zinaondoka, kazi zinakuja. Wewe kula." Hapo ndipo nilipoelewa, tonge liko mdomoni. Nilimeze kwanza halafu niseme, ndivyo nilivyojiambia. Nikameza, nikachukua lingine.

Sikusema, Mama. Ningesema nini? Kwamba mimi, niliyemsahihisha Shangazi huyo huyo mbele ya wageni wake kwa sababu ya neno moja kwenye bango la ukumbi, nimewatisha wateja wote kwa neno nililolichagua kwa mbwembwe? Na ukweli mwingine ni kwamba nilisikia raha. Shangazi si mtu wa kushika bega la mtu. Siku ile alilishika, na nilipoondoka akanifungia chakula cha kumpelekea mke wangu. Mke wangu, ambaye anajua kila kitu, alikaa chini akacheka mpaka machozi, halafu akala chote.

Tangu hapo mambo yameota miguu. Shangazi amehamisha viti vilivyovunjika kutoka kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa, amepaka rangi, ameingiza meza, anasema hiyo ndiyo ofisi yangu, nitapokea wageni na kuandika kadi, maana Kiswahili ninakijua. Lile tangazo la tatu hakulifungua, nimemuuliza kwa kuzunguka zunguka, akasema, "Barua za kampuni iliyokufa mimi sizisomi." Na Jumamosi ikipita hajaingia, atafungiwa nje, na kumfungulia tena kuna mlolongo wa kuthibitisha kwamba ni yeye, unaweza kwenda wiki nyingi, na huku nje watu wanaomba tarehe za harusi na yeye haoni, watu wawili, kila mmoja akidhani tarehe ni yake, watakuja na maharusi wao siku moja kwenye ukumbi mmoja, na ukumbi ule ndio maisha yake.

Mimi kazini nina uwezo wa kuingia kwenye akaunti yoyote. Juzi nilifungua yake nikaangalia tu. Namba ya simu iliyomo ni ya marehemu mume wake, ambayo haiiti tena. Nimewaza niifute, niweke ya Shangazi, nibadilishe na neno la siri, nimalize kimya kimya, halafu Jumamosi nijifanye nimeshangaa kwamba kampuni imefufuka. Nilisogeza kidole mpaka kwenye kitufe, nikashindwa, na sijui kwa nini nilishindwa. Je, Mama, niingie nimalize, au niende nikaaibike?

Ni mimi,
Niliyefunga Kila Kitu Isipokuwa Mdomo Wakati wa Kula

*

Marahaba, Kamusi.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu Jumamosi haina subira. Mkeo alisema kweli, nimecheka. Nilifika kwa yule wa gereji na ngazi yake nikalazimika kuvua miwani. Pole, lakini nimecheka.

Nianze na hilo tangazo, nilitoe njiani. Mwanangu, mtu anayetaka kujua kama kesho ataamka na biashara yake hana haja ya kujua fundi anasemaje na feni. Ana maswali yake matatu: kuna nini, kitanipata nini, nifanye nini. Ungemjibu hayo kwa maneno yoyote yale, hata ya kuungaunga, asingekupigia simu. Wewe ulimwandikia yule meneja aliyekuwa amesimama mbele yako, ili aone unavyojua. Wateja walipata mabaki. Meneja wako amekufanyia uungwana mkubwa kukaa kwenye kiti badala ya kukufukuza, nenda ukamshukuru, na tangazo lijalo mpelekee mwenye gereji alisome kwanza kabla hujalituma kwa mtu mwingine. Akiuliza habari za ngazi, liandike upya.

Sasa Shangazi. Unaniuliza uingie umalize au ukaaibike, kana kwamba ni njia mbili. Ni moja. Ukiingia kwa siri utakuwa umefanya mambo mawili ambayo hata mimi nisingekutetea. La kwanza, umepewa funguo za watu wote kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya kuficha aibu yako. Leo ni kwa shangazi yako, na kwa nia njema, na kesho utakuwa na nia njema nyingine. Hata huko kuchungulia juzi, usirudie, na utakapokuwa unamweleza, lisimulie na hilo.

La pili ndilo lililokushinda kidole, na umesema hujui kwa nini. Unajua. Mwanamke mwenye ukumbi, anayepokea simu za maharusi kutwa nzima, hajasahau kwamba namba ile haiiti. Ameiacha. Pengine ndiyo sehemu pekee ambapo jina la mumewe bado lina kazi ya kufanya. Hiyo namba si kosa la kusahihisha, Kamusi, na si yako kuifuta. Kidole chako kina adabu kuliko kichwa chako.

Umenikera pale uliposema ulisikia raha, halafu ukapita haraka. Rudi hapo. Umemruhusu mwanamke anayekupenda apake rangi chumba kwa ajili ya msiba usiokuwepo, ukamletea mkeo chakula cha pole, mkala. Nimecheka nikiwa nasoma, lakini angekuwa ni shangazi yangu ningekuzaba kofi la kirafiki. Hata hivyo nakuelewa. Mtu aliyezoea kujua kila kitu hashikwi bega na mtu yeyote, na ukilionja hilo mara moja ni tamu. Ila bega lako lilishikwa kwa habari ya uongo, na kila siku unayonyamaza uongo unakuwa wako, wala si wa simu iliyokata maneno.

Na kuna kitu umekiandika wewe mwenyewe na hukukiona. Shangazi yako aliamini kampuni inakufa na tovuti yake inakwenda nayo, tarehe zake, maharusi wake, yote uliyoniambia ni maisha yake. Hakukuuliza hata moja kuhusu hayo. Alikuuliza, "Na wewe je?" Halafu akakuuliza kama umekula. Huyo ndiye mtu unayemwogopa kwamba atakucheka? Atakucheka, bila shaka, tena na binamu watakucheka miaka mingi, kila harusi watalileta neno hilo mezani. Vumilia. Umewachosha vya kutosha, wacha na wao wafaidi.

Basi fanya hivi. Leo, ukitoka kazini, usipitie nyumbani, na usile kwanza. Ukifika mwambie kabla hujakaa kwenye kile kiti kizuri: "Shangazi, kazi ninayo, kampuni ipo, nilikosea neno nikaona aibu kusema, na nimechungulia mambo yako bila ruhusa yako." Maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, usiyapambe. Akimaliza kusema yake, na atasema, mwombe aifungue paneli kwa simu yake mwenyewe. Neno la siri alitunge yeye, wewe ugeuze uso.

Mkifika kwenye namba, mweleze kwamba tarakimu zitatumwa kwenye simu iliyoandikwa pale, kwa hiyo lazima iwe ya mtu anayeweza kuzipokea. Baada ya hapo usiseme kitu. Simu isitoke mkononi mwake. Akichelewa kuifuta namba ya mumewe, usimharakishe. Kaa naye.