Dada Anakuja kwa Baiskeli

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko? Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila magoti yananisengenya kila nikipanda ngazi. Nakuandikia barua kwa sababu simu unaizima kama mtu anayetafutwa na polisi. Barua huwezi kuizima.

Nina jambo. Mwisho wa mwezi wa sita natimiza miaka sitini. Muuguzi mkuu ameniita ofisini kwake akanisukumia fomu mbili mezani: moja ya kustaafu, nyingine ya mkataba wa miaka miwili zaidi. "Sista Mkubwa," akaniambia, "tafadhali saini hii ya pili. Chumba cha upasuaji bila wewe tutakiendeshaje?" Nikavimba kichwa, nisikufiche. Zote mbili nimezitia kwenye droo ya jikoni, na kila nikichukua kijiko naziona.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Jumanne iliyopita tulikuwa tunamalizia upasuaji wa tumbo la mama mmoja. Kazi yangu unaijua: kabla daktari hajashona, nahesabu mikasi, koleo na vile vitambaa vya kufyonzea damu, tusije tukaacha kitu ndani ya mgonjwa. Nikahesabu, nikasema, "Ishirini. Vimetimia." Daktari akanyoosha mkono apewe sindano. Ndipo muuguzi mmoja mpya, binti mwenye sauti ndogo, akasema, "Samahani Sista, mimi naona kumi na tisa."

Tukahesabu upya. Kumi na tisa. Kitambaa cha ishirini kilikuwa bado tumboni.

Kikatolewa, mama wa watu akapona, na hakuna aliyenisema. Lakini mimi najisema mwenyewe. Miaka thelathini na sita sijawahi kukosea. Nilikuwa nimechoka tu, au ndiyo wakati wenyewe umefika? Wewe ulistaafu mapema, umenitangulia. Nishauri.

Dada yako

21 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mgongo haujambo, ila umezoea kiti mpaka nikisimama unanung'unika. Natumaini wewe na magoti yako mmepatana.

Umeniuliza, nami sitamung'unya maneno. Saini mkataba. Usistaafu. Nimekuwa mpima ardhi miaka thelathini, nimepanda na chombo changu begani vilima ambako mbuzi wangeomba likizo. Siku ya kuagwa wakanipa saa ya ukutani na hotuba. Wiki ya kwanza nikalala. Ya pili nikapanga vitabu vyangu. Ya tatu nikavipanga upya.

Na tangu wifi yako atutoke, nyumba hii imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, basi nimeipunguza: naishi kati ya kiti, televisheni na kitanda. Watangazaji wote nawajua kwa sauti. Mwezi uliopita nilitoka hadi getini nikarudi nahema kama niliyekimbizwa. Daktari anasema sukari imepanda, nitembee. Nitembee niende kwa nani?

Kitambaa kimoja katika miaka thelathini na sita! Huo ni uchovu wa Jumanne, basi. Baki kazini, Dada. Huku nje hakuna kitu.

Mdogo wako

5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa hiyo sukari. Mimi sijambo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimeamua. Nastaafu. Wewe ndiye uliyeniamulia, ingawa si kwa namna uliyotaka. Ukurasa mzima umenieleza jinsi kukaa nyumbani kunavyotisha; hukusema hata mara moja kwamba mgonjwa atakuwa salama mikononi mwangu. Nikajiuliza, je, mimi mwenyewe nataka kubaki kwa sababu gani? Nikakuta ni hiyohiyo yako: naogopa kiti. Sasa nilifanye tumbo la mgonjwa mahali pa kuficha woga wangu? Siwezi. Nataka kutoka wakati bado wananisihi nibaki, nisingoje siku watakayoshusha pumzi nikitoka.

Na lingine, ukasirike ukitaka. Wifi yangu amefariki, wewe hujafa. Mtu aliyepima nusu ya nchi kwa miguu yake leo anashindwa na geti? Unajizika mwenyewe, ndugu yangu, rimoti mkononi. Sitakupa pole kwa hilo.

Dada yako

2 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu tangu ile ya Machi, na mbili hukuzijibu. Jirani yako ananiambia u mzima, madirisha yanafunguliwa, basi nikajua ni hasira. Nisamehe. Nilichosema sikifuti, ila nafuta nilivyokisema. Nilikupiga mahali panapouma.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mwisho. Miezi minne nilikuwa namfundisha yule binti, na somo la kwanza lilikuwa kupaza sauti. Ijumaa nikamwachia nafasi yangu, nikasimama ukutani, mikono nyuma. Akaanza kuhesabu. Daktari ana haraka zake, akanyoosha mkono. Binti akasema, tena kwa sauti ya kusikika hadi korido, "Daktari, ngoja. Sijamaliza."

Na daktari bingwa mzima akangoja! Nakwambia, nilifurahi kuliko siku niliyovaa sare mara ya kwanza.

Tulipotoka nikakuta korido nzima wamejipanga: wauguzi, wafagiaji, watu wa maabara, hata mpishi wa wodi na mwiko wake, wanapiga makofi. Nikajikaza kisabuni mpaka kwenye ngazi. Pale nikaketi nikalia kama mtoto, kisha nikafuta uso nikaenda zangu.

Jumatatu sikungoja kiti kinizoee. Unakumbuka baba alivyotukataza wasichana kupanda baiskeli? Nimenunua baiskeli! Nyekundu, ina kengele. Jirani yangu fundi cherehani, bibi wa miaka sitini na nne aliyeendesha ujanani, ananishikia kwa nyuma kwenye uwanja wa shule. Kwa siku mbili nimeanguka mara sita, na mara moja nimemwangukia yeye. Alipotoa kichwa chini yangu akaniuliza, "Hivi hospitali walikuaga au walikufukuza?"

Nijibu, hata neno moja.

Dada yako

18 Julai

Dada,

Shikamoo. Neno moja uliloomba ni hili: mpumbavu. Ni mimi, si wewe.

Ile barua ya Machi niliikunja nikaitupa chini ya kochi. Nilikasirika wiki kumi na saba. Kilichoniudhi ni kwamba kila nilipotafuta uongo ndani yake sikuuona. Kisha ikaja hii ya Julai, na nilipofika pale ulipomwangukia fundi cherehani nikacheka mpaka nikakohoa. Nikashtuka. Kicheko hakijasikika ndani ya nyumba hii tangu mazishi.

Nikataka kukujibu papo hapo, lakini stempu sina, na jirani aliyenipostia ile ya Februari sikutaka kumtuma tena, na posta iko kilomita moja na mita mia mbili kutoka getini. Niliipima mwenyewe enzi zangu. Siku ya kwanza nikaishia kwa fundi viatu, nikaomba benchi lake. Siku ya pili nikafika kona ya duka la dawa. Leo ni siku ya tisa, na haya nayaandika nimesimama kwenye kaunta ya posta, shati limelowa chapachapa, karani ananitazama kama anayetaka kuniitia gari la wagonjwa. Aniitie tu. Nimefika!

Sasa sikia, mimi sikukatazwa baiskeli, kwa hiyo najua ninachosema. Usitazame gurudumu. Tazama unakokwenda, baiskeli itafuata macho yako. Na mpe pole fundi cherehani.

Mdogo wako

23 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba! Sukari inasemaje? Barua zako za Agosti zinanukia jasho, na hiyo kwangu ndiyo habari njema.

Nilitazama nilikokwenda. Nikazunguka uwanja mzima nikimpigia fundi cherehani hadithi huko nyuma, nikashangaa mbona hanijibu. Kugeuza macho, namwona amesimama mbali golini, mikono kiunoni, anacheka. Alikuwa ameniachia zamani! Nikaanguka, bila shaka, lakini nilianguka nikiwa mwendeshaji.

Sasa tuko watano. Kuna mwalimu mkuu mstaafu, na watu wawili waliokuwa wanatucheka wakiegemea uzio wa shule. Kila asubuhi tunakwenda hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Yule binti wa hospitali alinikuta njiani akaniambia, "Sista, unang'aa." Papo hapo akanieleza kwamba naye sasa anafundisha wapya wawili.

Basi nakuja kwako. Kwa baiskeli. Usinibishie, daktari amenipima moyo, ameuridhia. Wewe nichoree njia, kama mtu wa kazi yake.

Dada yako

4 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Sukari imeshuka, daktari ameniuliza nimekunywa dawa gani, nikamwambia nimetukanwa na dada yangu.

Nilianza kuandika "usije", nikaichana hiyo karatasi. Ramani ni hii. Kutoka mlangoni kwako hadi kwangu ni kilomita arobaini na moja, wala si arobaini kama kibao cha barabarani kinavyodai. Maji utapata kwenye zahanati, kilomita ya kumi na nne. Kilomita ya thelathini kuna kilima. Shuka usukume, hakuna anayekupa alama. Ukikimaliza unateremka hadi darajani, na darajani utanikuta. Ni kilomita tisa kutoka kwangu. Nitakuja kwa miguu.

Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Nimetandika kitanda cha chumba cha pili.

Mdogo wako

19 Oktoba, asubuhi, chini ya birika

Dada,

Umelala fofofo, na ni haki yako. Nakuandikia hapa hapa nyumbani, maana jana yapo niliyoshindwa kusema mbele ya majirani.

Nilifika darajani saa mbili. Saa tatu nikaanza kujiambia umechoka. Saa nne nikajiambia umeanguka mahali, umeokotwa na gari, na kosa ni langu niliyekuchorea njia. Nilikuwa na roho mkononi. Kisha nikasikia kengele juu ya kilima. Nikainua macho nikakuona, sketi umeifunga kwa pini, unateremka kama umetumwa, unapiga kelele: "Toka njiani! Breki mpya sijazizoea!"

Nikaruka pembeni, halafu nikakufuata mbio mpaka uliposimama upande wa pili wa daraja. Wewe ulidhani nalia kwa ajili yako. Haya, nusu ilikuwa kwa ajili yako. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimekimbia, Dada. Mimi. Nimekimbia daraja zima, na pumzi ikabaki.

Chai iko tayari, sukari yako iko kwenye kikombe cha bluu. Baiskeli nimeichukua. Ni miaka thelathini sijakalia moja, lakini nasikia mwili hausahau. Nazunguka mtaa mara moja tu, nikinogewa mara mbili.

Nikichelewa usinifuate. Kwanza, utanifuata na nini?

Mdogo wako