Habari za Jokofu la Zahanati Yako

Mama Yona, mke wangu,

Jana nimerudishiwa faili la majokofu ya chanjo, na mtu wa kubishana naye sina.

Unajua hali ilivyo tangu soko lifunguliwe kwa wafanyabiashara binafsi. Kila wiki hapa ofisini Dodoma anaingia wakala mpya na karatasi zake za kumeremeta: jokofu la sola, jokofu la gesi, yote kwa maneno yake hayana mfano. Kabla hatujanunua chochote, nimeagizwa nilinganishe miongozo miwili ya kutathmini vifaa vya afya, nipendekeze mmoja. Wa kwanza una maswali mafupi: bei, miaka ya kudumu, idadi ya watoto, hali ya kifaa. Kila jibu lina alama, unajumlisha, umemaliza. Wa pili unamtaka mkaguzi ashinde zahanati siku nzima na anayekitumia kifaa, amsikilize. Vijana wa ofisini wanautaka wa kwanza. Zamani hata mimi niliutaka.

Unakumbuka siku nilipokuja kuujaribu kwako, zahanati ile ya njia ya Kibaigwa, wewe muuguzi peke yako? Nilikuja kiofisi, na gari la serikali, viatu vimepigwa rangi. Ukaniweka kwenye kiti cha mgeni kama vile hatujuani, mbele ya kina mama wa foleni.

"Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Na hali ya jokofu?"

"Nzuri."

Nikaandika nzuri, nikaweka alama zote, nikafunga faili.

Jumamosi ulipokuja nyumbani ukaikuta ile karatasi mezani, ukacheka mpaka ukakaa chini. "Baba Yona, jokofu lina wiki mbili limezima. Mafuta ya taa hakuna, utambi umekwisha. Chanjo nazifuata mjini na kasha la barafu, naomba lifti kwenye malori ya mahindi."

Nikakuuliza kwa nini hukusema.

"Mgeni hajatulia, umwagie shida? Kwanza unasema nzuri. Shida inakuja baadaye, kwenye ila. Wewe ulikuwa umeshasimama."

Alama nilizirekebisha, lakini somo sikulishika. Kazi ilikuweka huko, mimi hapa, tukawa watu wa kuonana Jumamosi kwa Jumamosi. Nilikuuliza habari za huko, ukasema nzuri, nikawasha redio. Kwamba kifua kilikuwa kinakubana miezi yote ile nilikuja kuambiwa na daktari, wakati hakuna tena la kufanya. Naumia, mke wangu. Ulikuwa na ila yako, nami kila mara nilikuwa nimeshasimama.

Basi nimependekeza mwongozo wa pili. Mkuu wangu akalalamika kwamba ni wa polepole, tena unakula mafuta ya gari. Nikamsimulia habari za jokofu lako. Akasema tuanze nao kwenye zahanati chache, tuone. Nilitoka pale nikitaka kukukimbilia nikwambie, nikafika mpaka kwenye ngazi ndipo nikakumbuka.

Yona yuko bweni, anaandika akiishiwa sabuni. Nyumba imekuwa kubwa. Kiti chako nilikisogeza ukutani, kisha nikakirudisha mezani, maana pale ukutani kilizidi kuonekana. Kila asubuhi jirani ananiuliza kutoka ng'ambo ya ua habari za nyumbani. Najibu nzuri. Halafu nasimama pale kidogo, nikingoja, lakini anakuwa ameshageuka na ndoo yake. Simlaumu. Hata mimi ndivyo nilivyokuwa.

Pumzika, Mama Yona. Leo hukuniuliza, lakini nakwambia: habari za hapa ni nzuri, ila wewe hupo.

Mumeo,
Baba Yona