Manowari Iliyosindikiza Tu

Mjukuu wangu Zuhura,

Hapa Lewisham hatujambo. Goti la babu yako limetulia.

Unauliza kama ubadilishe mada ya insha yako, eti ile manowari ya Wafaransa ya enzi za meli za makaa ya mawe haikuzamisha adui hata mmoja, ilisindikiza meli za mizigo tu.

Tu? Nilipoanza unesi hapa London, Bi Mwanaidi wa wodini kwetu alinisindikiza hadi kituo cha basi kila tulipotoka kazini, na kwake kulikuwa upande wa pili. "Mgeni hasindikizwi kwa macho," alikuwa akisema. Sikuguswa na mtu. Miaka yote ile sina kisa hata kimoja cha kusimulia, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya.

Usibadilishe kitu, Zuhura. Tafuta majina ya meli zilizofika salama, uanze nayo.

Bibi yako